Ufunguo wa Pili wa Ile DX

Nyacheki,
S.L.P. 318,
Kisii.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa mwanangu Walter,

Pokea salamu nyingi kutoka huku milimani, ambako ukungu wa asubuhi haujaamua kama utaondoka au utalala hapa hapa. U hali gani huko Voi? Jua bado linawachoma vile vile? Na watoto je? Yule mdogo aliyekuwa akikohoa mwezi wa Aprili, kifua kimepona? Sisi huku hatujambo, mbuya mono, kama tunavyosema. Mgongo wangu unanikumbusha umri kila ninapoinama kuchuma chai, lakini bado unainama, na hilo ni jambo la kushukuru.

Mama yako mdogo, Damaris, yu buheri wa afya. Mvua inanyesha kila alasiri na barabara ya kituo cha chai imekuwa uji mtupu, lakini yeye anapita na gari kana kwamba anapita sebuleni kwake. Jana tulikuwa kanisani, leo ameamka akiliosha gari letu la Probox huku akiimba sauti ya tatu. Nimejitenga hapa barazani ili nikuandikie kwa utulivu.

Ujumbe wako wa simu niliupata. Ningeweza kukujibu kwa simu vile vile, lakini ndani ya bahasha hii kuna kitu kisichopita kwenye simu. Naomba usikiguse mpaka umalize kusoma. Baba yako, kaka yangu, Mungu amlaze pema, alikuwa na tabia ya kusoma mwisho wa barua kwanza, na nakujua umemrithi mengi.

Umeniuliza kuhusu klachi. Unasema ile Toyota DX niliyokukabidhi sasa inanguruma bila kwenda, inatoa harufu ya kitu kilichoungua, na fundi wa huko amekwambia klachi imekwisha. Fundi amesema kweli. Mwambie aitoe, aweke mpya, na ukiwa pale muombe akuonyeshe ile ya zamani kwa macho yako. Hilo ndilo jibu la swali lako, na kama ungekuwa umeniuliza hilo tu, barua ingeishia hapa.

Lakini liko jambo ambalo hukuniuliza, nami nimelisikia. Mama mkwe wako, Mokeira, huja kuuza ndizi soko la Daraja Mbili, na huko ndiko alikokutana na Damaris wiki iliyopita. Alimweleza kwamba mkeo Celestine ndiye aliyekuwa akiendesha siku klachi ilipoungua, akijifunza, na kwamba wewe ulimfokea mbele ya majirani, ukachukua ufunguo wa gari ukaenda kuuficha kazini. Sasa binti hataki kuingia tena katika gari hilo. Ameacha na shule ya udereva ilhali mtihani umekaribia. Amemwambia mama yake kwamba shule zikifungwa atakuja kwao Nyamusi na watoto, na wewe utabaki Voi na gari lako. Mokeira aliyasema hayo akipanga ndizi, na Damaris anasema machozi yalikuwa yakidondokea ndizi.

Basi, mwanangu, tuzungumze kuhusu magari.

Kwanza hiyo klachi. Mwezi wa Aprili ulipokuja kutuona, ulinichukua tukaenda Keroka. Mimi nilikaa kushoto kwako, na mzee akikaa kushoto hana kazi nyingine ila kutazama. Mguu wako wa kushoto, tangu tulipotoka hapa hadi tulipofika, haukuondoka juu ya kanyagio la klachi. Uliupumzisha pale kama mtu aliyepata kiti. Klachi huisha hivyo, polepole, bila harufu na bila kelele, na siku ya mwisho hulaumiwa yule aliyeketi pale. Celestine hakuila klachi, alikuta makombo. Mguu usio na kazi uweke sakafuni.

Pili, hiyo redio. Nilikuona gurudumu la mbele lilipoanza kulia kwenye kona. Ulinyoosha mkono ukaongeza sauti ya kwaya. Mwanangu, huo si utengenezaji. Gari linalolia linakwambia mahali linapoumwa, na mara nyingi kinachoumwa siku hiyo ni kidogo, kipira kilichokauka au nati iliyolegea. Ukilifunika kwa nyimbo, litakwambia tena likiwa katikati ya barabara kuu na lori nyuma yako. Zima redio mara moja kwa juma, usikilize.

Huko kwenu ni joto, kwa hiyo rejeta utaijua vizuri kuliko mimi. Nakuonya jambo moja tu. Sindano ya joto ikipanda, simama, fungua boneti, kisha nenda kivulini ukale chungwa. Usiguse kile kifuniko. Unamkumbuka Machogu, jirani yetu wa ng'ambo ya mto? Alikifungua injini ikiwa bado inatokota, eti anataka kuona kama maji yapo. Maji yalikuwepo. Mungu alimhurumia, macho yakapona, lakini nyusi zote mbili zilikwenda, na kwa miezi kadhaa binti yake alikuwa akimchorea nyingine kwa penseli kila asubuhi ya Sabato. Siku moja alimchora akiwa na haraka, tukamwona Machogu amekaa kanisani akishangaa mahubiri kuanzia wimbo wa kwanza hadi baraka.

Kuhusu mafundi, usiwe mkali kwao wala usiwe mjinga. Fundi akikwambia "hii ni kidogo tu", mletee chai na ukae, kwa sababu hamtamaliza leo. Akianza kutandaza vyuma juu ya gunia, usizungumze naye siasa, mwache ahesabu. Akimaliza kufunga na kiganjani mwake kumebaki nati moja, akakwambia hiyo haikuwa na kazi, usimwambie asante. Kiwanda hakikumpa gari zawadi ya nati. Na ukiona tone la mafuta chini ya gari, usingoje mtu akwambie limetoka wapi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe mgongo bado unao.

Halafu betri. Gari hilo lilizeekea Nyacheki, ambako kila dereva huegesha akitazama mteremko, maana hapa mteremko ndio betri ya pili. Wewe umelipeleka mahali ambapo nchi imelala chali. Asubuhi ikikataa kuwaka, huna kilima cha kukusaidia, una majirani tu. Kwa hiyo ishi nao vizuri, na usimfokee mke wako mbele yao, kwa sababu hao hao ndio watakaokusukuma.

Hapo kwenye kusukuma ndipo ninapotaka kukusimulia habari ambayo hukuwahi kuisikia vizuri, kwa sababu wakati huo ulikuwa chuoni Mombasa. Ni habari ya hiyo hiyo DX, na ya mama yako mdogo.

Mwaka ule makambi ya kanisa yalifanyika upande wa Mosocho. Kwaya ya akina mama wa hapa ilikuwa iimbe Sabato ya kufunga, na sare zao zote, zilizoshonwa upya na kupigwa pasi, zilikuwa ndani ya buti la DX. Wenyewe walikuwa wametangulia makambini tangu Alhamisi. Mimi na Damaris tuliondoka hapa Ijumaa alasiri, tukafika sokoni tu, pale penye kibanda cha Manasseh, gari likazima na stata ikakataa katakata. Manasseh unamjua, ni fundi na ni mzee wa kanisa, na hayo mawili anayachukua kwa uzito ule ule. Alijilaza chini ya gari, akaitoa stata, akaishika mkononi akaipuliza vumbi. Kisha akatazama mlima.

"Jua limetua, mzee," akaniambia. "Tutaonana Jumapili."

Akafunga sanduku lake la spana, stata ikiwa ndani, akanawa mikono, akaenda kwake. Sikumlaumu. Mimi pia ni Msabato, na ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo. Lakini gari lilikuwa limesimama nusu ndani ya njia, mdomo wake ukitazama mteremko, na sare za kwaya zimefungiwa ndani.

Asubuhi ya Sabato tulirudi pale tukiwa tumevaa nguo nyeupe. Kukodi pikipiki hatungeweza, maana siku hiyo hatununui wala hatuuzi, na safari si ya miguu. Wanaume walikusanyika. Badala ya kusukuma, tulianza kujadiliana. Mmoja akasema kusukuma gari ni kazi, na kazi imekatazwa. Nyamongo, yule aliyekuwa mwalimu mkuu, akaleta habari ya ng'ombe aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato, kwamba Bwana Yesu aliruhusu atolewe. Mwingine akauliza kama Toyota ni ng'ombe. Mwingine akauliza kama ukingo wa barabara ni shimo. Mimi nilichangia, tena kwa sauti, na nilikuwa na mistari. Jua lilipanda tukiwa tunafungua Biblia juu ya boneti.

Damaris alikuwa amesimama kando na mkoba wake. Alimwendea Manasseh, ambaye alikuja kusikiliza akiwa ameweka mikono nyuma ili isishawishike, akamuuliza kama kilichoharibika ni stata peke yake. Manasseh akasema ndiyo, peke yake. Kujibu swali si kazi. Kisha Damaris akaja kwetu.

"Bwana alisema atolewe shimoni," akasema. "Hakusema afanyiwe sevisi. Sukumeni."

Tukakubaliana tulitoe njiani tu, tuliviringishe hadi penye tambarare karibu na kituo cha chai, libaki pale. Wanaume wote walitaka kusukuma, kila mmoja aonekane ana nguvu, kwa hiyo usukani ukabaki bila mtu. Nikamwambia Damaris aingie ashike usukani uwe sawa, asiguse kitu kingine. Hakuwahi kuendesha gari maishani mwake. Akaingia, akakunja gauni lake vizuri, akafunga mlango.

Tulisukuma. Gari likakolea mteremko, likaanza kututangulia, tukawa tunakimbia nyuma yake na viatu vya kanisani. Kisha nikasikia injini inakohoa mara moja, ikashika, ikanguruma. Nilisimama katikati ya njia. Mwanamke yule alikuwa amekaa kushoto kwangu miaka yote ya ndoa yetu, na kumbe alikuwa akiitazama miguu yangu. Alizungusha ufunguo, akakanyaga klachi, akatia gia ya pili, akangoja kasi, akaiachia. Sisi wanaume wazima, wenye leseni, tuliokuwa na ng'ombe, shimo na manabii wote, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba gari lisilo na stata huwaka kwa kusukumwa.

Alisimama kwenye tambarare, mguu juu ya klachi, injini ikiunguruma. Nikafika nikihema, nikafungua mlango wa dereva, nikamwambia ashuke nichukue usukani.

"Ukinitoa hapa litazima," akasema. "Zunguka."

Nikazunguka. Nikakaa kushoto. Tukaenda hadi Mosocho mwendo wa ng'ombe aliyeshiba, kuku wakitupita, mimi nikisema sasa kanyaga, sasa achia, na baada ya muda nikaanza kutazama mashamba. Sisemi ni mfano wa kuigwa, na Jumatatu yake nilimpeleka mwenyewe shule ya udereva akapate leseni kama watu wengine. Lakini tulipoingia uwanjani pa makambi na akina mama wakaona ni nani aliyeshika usukani, walipiga vigelegele mpaka mhubiri akanyamaza. Nilikaa pale kushoto, Walter, na nakuambia wazi, nilimpenda mke wangu upya siku ile. Nilijiona mtu mwenye bahati kupita wote uwanjani.

Usidhani baada ya hapo mambo yalikuwa laini. Alichoma klachi kwenye kile kilima cha nyuma ya kituo cha chai. Aligonga boma la mama Gladys, na tukala chakula cha mchana hapo hapo tukilirekebisha. Alipinda bampa la nyuma, ndiyo sababu hadi leo linatabasamu upande mmoja. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilichofanya mimi ni kumchongea ufunguo wake mwenyewe, mapema kabisa, kabla hajafaulu mtihani, ili asiwe mtu wa kuomba.

Sasa mtazame. Mvua ikikata barabara, ni yeye wanayemwendea. Amepeleka wazee kliniki, ameleta mbolea, amempeleka bibi harusi kanisani akiwa na kuku wawili nyuma. Hubadilisha gurudumu bila kuvua kilemba. Gari kuukuu hulijua pumzi yake, na asubuhi huligusa boneti kwanza kabla ya kuliwasha. Mimi macho yamepungua, jioni siendeshi tena, na kwa sababu yeye anaendesha, uzee haujanifungia nyumbani. Fikiria ningeuficha ule ufunguo.

Ndiyo sababu nataka umtazame Celestine vizuri. Anafundisha siku nzima, anawalea watoto wenu, na jioni alikuwa akienda kujifunza gari. Hilo halifanywi na mtu dhaifu. Nimemstahi tangu siku alipoingia katika ukoo wetu, na baada ya kusikia haya nimemstahi zaidi. Klachi mpya fundi ataiweka kabla ya saa za chakula. Uso wa mke aliyefokewa mbele ya majirani hauna fundi, una mumewe tu.

Ungetaka kujua kwa nini simpigii mwenyewe nikamfariji. Wewe ulilelewa pwani, mila hizi hukuzikuta zote, lakini Celestine anazijua. Mimi ni mdogo wa baba yako, na sasa baba yako hayupo, mimi ndiye baba mkwe wake. Kati yangu na yeye ipo ile heshima tunayoiita chinsoni. Siketi naye nikazungumza ugomvi wa nyumba yake, wala simpi kitu mkononi. Heshima si utumwa, na mimi naifurahia, lakini leo imenibana kidogo, kwa hiyo mkono wangu utakuwa wewe.

Nilipokukabidhi gari uliniuliza ufunguo wa pili uko wapi, nikakwambia nitautafuta. Haukuwa umepotea. Ulikuwa umening'inia kwenye msumari wa jikoni, pale Damaris alipouweka tangu mwanzo, na hata gari lilipokwenda Voi hakuutoa. Kila nilipouliza alisema anasahau. Aliporudi kutoka Daraja Mbili wiki iliyopita, kabla hajavua viatu, aliuangua kwenye msumari, akaufunga uzi mpya wa sufi, akaniletea hapa barazani. Hakuniambia nimpe nani.

Sasa unaweza kupasua ile karatasi iliyokunjwa ndani ya bahasha. Ufunguo ulio ndani si wako, wako unao. Huu ni wa Celestine. Mpe kwa mikono miwili, mbele ya majirani wale wale, kisha zunguka, ukakae kushoto.

Salamu zangu zimfikie Celestine, kwa heshima zote. Wasalimu watoto, na mwambie yule wa kifua kwamba babu anamwekea muwa. Manasseh anakusalimu, bado hafungui boneti Ijumaa ikikaribia jioni. Mokeira hajui kwamba nimekuandikia, na ni heri asikie kwa binti yake mwenyewe kwamba mambo yametengemaa. Damaris anauliza kama yule kiboko wa jiwe la sabuni, mwenye sikio lililovunjika, bado yuko kwenye buti. Usimtupe. Ni yeye tunayemweka nyuma ya gurudumu tukibadilisha tairi, na Celestine atamhitaji mkija Desemba, maana vilima vya Nyamusi navijua.

Mungu azilinde barabara zenu, za lami na za nyumbani, na awape kusikilizana hata injini inapopiga kelele.

Wako akupendaye daima,
Baba yako mdogo,
Haron Bosire